Mkanda wa Nne

Jumamosi, senti hamsini, viti vya mbao vya mbele kabisa,
karibu na kitambaa hata unaweza kuhesabu kope za mtu.
Filamu ni ile ile, nyeusi na nyeupe:
binti wa miaka kumi na sita, koti la mvua,
tochi mkononi, anapanda ngazi zinazolia,
na sisi tunampigia kelele, Usiende! Yuko nyuma ya pazia!
Anakwenda.

Mji wao ulijaa ukungu.
Bibi yangu, aliyekuja mara moja tu, akauliza
kwa sauti, mbele za watu,
"Wanapika nini hawa, mbona moshi hauishi?"
Na damu yao nyeusi, kama wino wa karani.
Maiti hazikunitisha. Ilinitisha damu ile,
maana nikijikwaa uani kwetu Gerezani
yangu ilitoka nyekundu,
na hapakuja mtu na kioo cha kukuzia.

Kiingereza hatukukijua. Shamte alitutafsiria,
amesimama juu ya kiti, shati nje,
akikosa neno anatunga.
Wiki hii binti anatafuta mkufu wa marehemu.
Wiki ijayo, midomo ile ile,
anatafuta mahari ya mama yake iliyoliwa na wajomba.
Tulipenda zaidi ya mahari.

Ila mikanda ilikuwa mitatu. Wa nne haukuwapo.
Binti anawakusanya wote sebuleni,
daktari, mjomba, mpishi, mjane mwenye glavu,
anainua kidole,
anafumbua mdomo,
taa zinawaka.
Tunatoka tukipepesa macho, jua la saa kumi,
tukigombana hadi Kariakoo:
Mpishi! Mpishi gani, mjomba! Kikulacho ki nguoni mwako!

Nikanunua daftari la kurasa thelathini na mbili.
Nikamhoji Damji, fundi wa mitambo, akanipa peremende.
Nikamhoji Mzee Ngonyani, mchana tiketi mlangoni,
aliyekalia kreti, na juu ya kreti bati la duara.
"Nasikia ulishushwa Tanga kwa makosa," akasema,
akajiweka sawa juu ya bati lake.
Nikaenda forodhani. Karani hakuinua uso.
Niliandika: Hanitazami. Anaficha jambo.
Hakuficha kitu. Ilikuwa Ramadhani, saa tisa.

Halafu siku moja, Mnazi Mmoja, upepo mzuri,
nikaona tiara la gazeti limepanda juu kuliko yote,
na mkia wake mweusi, mrefu, unametameta.
Hakuna kitambaa kinachometa hivyo.
Nikakimbia. Mwenye uzi ni Fidelis,
kitinda mimba wa Ngonyani.

Za mwizi arobaini, nami nilikuwa nimehesabu.
Lakini mzee alipoulizwa alicheka tu, meno mawili:
"Ulikuja umekatikakatika, mwanangu. Damji akasema tupa.
Mimi nikaona bati zuri."

Uliobaki? Fidelis alikwisha kuwagawia wenzake.
Jioni ile nilitazama juu:
Ilala, mkia. Magomeni, mkia. Mmoja umenasa
kwenye waya za umeme karibu na stesheni.
Muuaji wetu alikuwa angani vipande vipande,
na watoto walikuwa wanamvuta.

Kesi nikaifunga. Karani hajui, Damji hajui,
Shamte alikufa akiamini ni mpishi.

Nimebaki na urefu wa shibiri moja.
Picha kumi na tatu, ndogo kama kucha,
zote ni binti yule yule, kidole juu,
mdomo unafunguka kidogo, kidogo zaidi.
Siku nyingine asubuhi nauinua dirishani,
nafuata kidole chake polepole, picha hadi picha,
hadi ukingoni, kule anakoelekeza,
na pale, kila mara, pana dole gumba langu,
limeshika.